Anza na Sufuria Yako: Kufundisha Uhamiaji Katika Darasa la Kisumu

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nilimsimamisha msichana mmoja mbele ya darasa nikamwambia atusimulie walivyokimbia kutoka Sudan Kusini. Ubaoni nilikuwa nimeandika mada ya siku, Uhamiaji, na nilidhani nimepata bahati kubwa. Mhamiaji mwenyewe ameketi dawati la tatu kando ya dirisha, nihangaike na kitabu cha nini? Alisimama. Akatazama viatu vyake. Akasema sentensi moja kwa sauti ndogo, ya pili ikamkwama kooni, akaketi. Wavulana wa nyuma wakaanza kumuuliza kama aliona maiti. Siku tano hakuonekana shuleni. Shangazi yake alipomrudisha hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, mtoto huyu alikuwa ameanza kulala usiku."

Tangu siku hiyo nimelifundisha somo hili mara nyingi, katika shule ya umma hapa Kisumu, si mbali na Kondele, na karibu kila mwaka nimebadilisha kitu. Ninayoeleza hapa ni ya walimu wa somo la jamii, gredi ya 7 hadi ya 9, ingawa mwalimu wa Kiswahili au wa dini anaweza kuyatumia vilevile. Utahitaji vipindi sita hivi vya dakika 40, chaki, kamba ya mkonge na karatasi chache za manila. Na utahitaji kukubali jambo moja tangu mwanzo: somo hili halianzi na mtoto mgeni. Linaanza na wale wanaojiona wenyeji, na wa kwanza wao ni wewe mwalimu.

Sufuria mezani

Mimi huingia darasani na sufuria. Ni ya alumini, imebonyea upande mmoja, na kifuniko chake ni cha sufuria nyingine. Naiweka mezani bila kusema neno. Naacha wanafunzi waizunguke, waishike, wabahatishe ni ya nini. Kisha nawaambia.

Nilizaliwa Nakuru, mtaa wa Kaptembwa. Tulikuwa tumepanga kwenye ploti ya milango kumi na mbili, na majirani walikuwa Wakikuyu, Wakisii, Waluhya na Wakalenjin. Sisi ni Wajaluo. Pale uani lugha ilikuwa Kiswahili, mkubwa kwa mdogo. Mwisho wa Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, tulilala usiku tatu kwenye uwanja wa kituo cha polisi, kisha tukapanda lori la kuja Kisumu. Mama alibeba vitu viwili: bahasha ya vyeti na sufuria hii, kwa kuwa ilikuwa na maharagwe yaliyokwisha kuiva na hakujua tutakula tena lini. Nilikuwa na miaka 14.

Watoto watauliza nani aliwafukuza. Nimejifunza kutolikwepa swali hilo na kutolipamba. Nawaambia walikuwa vijana wa mtaa wetu, wengine nikiwajua kwa sura. Na aliyetuficha usiku wa kwanza, kabla ya polisi, alikuwa mama Mkikuyu wa mlango wa tatu. Yote mawili ni kweli na nayasema kwa pumzi moja. Kisha natoa hesabu bila kuongeza chumvi: Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika majuma yale, na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Lakini kinachowashangaza zaidi wanafunzi ni sehemu ya pili. Kila mtu aliniambia Kisumu nimefika nyumbani. Dholuo yangu ilikuwa ya Nakuru, nusu yake Kiswahili. Sikujua katika boma la babu nianze kumsalimia nani. Samaki aliyeletwa mezani na kichwa chake alinitisha. Katika shule niliyoingia wasichana waliniita jaNakuru, mtu wa Nakuru, na muhula mzima nilikula chakula cha mchana peke yangu chini ya mti. Nilikuwa Mjaluo kati ya Wajaluo, na nilikuwa mgeni.

Najianika hivi kwa sababu. Mwalimu akishajitaja yeye kwanza, hakuna mtoto atakayehisi amenyooshewa kidole. Na darasa linaanza kuona kwamba ugeni hauko katika rangi wala pasipoti peke yake.

Wewe huenda hukukimbia mahali popote, na nashukuru kama ni hivyo. Lakini mwalimu wa Kenya asiyewahi kupokea barua ya uhamisho ni nadra. Waeleze siku uliyoshuka kwenye matatu katika kituo kipya cha kazi, hujui hata maji yanachotwa wapi. Nani alikuonyesha nyumba ya kupanga? Neno gani la wenyeji ulilitamka vibaya wakacheka? Beba kitu kimoja ulichokuja nacho. Kitu cha kushikwa kwa mkono hufungua mazungumzo ambayo maelezo peke yake hayafungui.

Sahani

Kipindi kinachofuata ni chepesi, nami hukifanya haraka. Nachora sahani ubaoni, wanafunzi wanataja walichokula jana, kisha tunaulizana kila kimoja kilitoka wapi. Mahindi ya ugali yalitoka bara la Amerika yakaletwa Afrika na Wareno. Maharagwe na nyanya nayo ni ya huko huko. Chapati ni ya Bara Hindi. Majani ya chai yana asili ya Asia, na hapa kwetu yalipandwa kwanza Limuru mwaka 1903. Kinachobaki kikiwa cha nyumbani ni mtama, wimbi, mboga za kienyeji kama osuga, na omena. Kila mwaka yuko atakayekataa katakata kwamba ugali wa mahindi umetoka ng'ambo. Mwache akatae, mwambie akamuulize bibi yake watu walisonga nini zamani.

Usikae hapa sana. Nimeona walimu wakigeuza uhamiaji kuwa somo la mapishi, darasa likafurahi, na kengele ikalia kabla hawajamfikia binadamu.

Maswali ya kupeleka nyumbani

Mwisho wa kipindi cha sahani nawapa kazi ya wiki moja: wamhoji mkubwa mmoja wa nyumbani au wa jirani. Maswali ni haya, nayo nimeyachagua kwa uangalifu. Nani wa kwanza katika familia yetu kufika hapa tunapoishi? Alipitia wapi? Alibeba nini? Nani alimpokea siku ya kwanza? Ni kitu gani kilimchukua muda kukizoea?

Utaona swali "kwa nini mlihama" halimo. Hilo ndilo linalochimba vidonda. Mtu akitaka kulijibu atalijibu mwenyewe akifika kwenye mzigo aliobeba. Swali la aliyempokea, kwa upande wake, limeniletea majibu ambayo sikuyatarajia hata siku moja, maana watu hawamsahau aliyewapa maji ya kuoga.

Waambie pia kwamba mtu ana ruhusa ya kutosoma jibu lake kwa sauti. Anaweza kukuandikia wewe peke yako, au kumhoji jirani badala ya mzazi. Ruhusa hiyo itolewe kwa darasa zima, kabla mtoto yeyote hajaiomba. Kwa wazazi ninaojua wamepitia magumu, napiga simu au natembea hadi nyumbani kabla ya swali kuwafikia. Ni dakika kumi tu za mazungumzo.

Majibu yakija, toa kipindi kizima kwa ajili yake. Mwaka mmoja mvulana wa Manyatta alisoma kuhusu dani yake, yaani bibi yake, aliyeolewa kutoka Yimbo. Alisafiri na jiwe la kusagia, pong, juu ya kichwa, kwa kuwa mama yake alimwambia mwanamke haendi ugenini mikono mitupu. Alipofika mjini alikuta majirani wote wanapeleka nafaka kwenye mashine. Jiwe halikusaga hata siku moja. Tangu siku hiyo linazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo, na dani hamruhusu mtu alisogeze. Mvulana alipomaliza kusoma, msichana wa pembeni akauliza, "Na jiwe lenyewe ni zito kiasi gani?" Kesho yake alikuja na jibu: alilipima dukani kwa mizani ya viazi.

Ramani ya sakafuni

Sukumeni madawati ukutani. Chora kwa chaki Afrika Mashariki sakafuni, kubwa kadiri chumba kinavyoruhusu, Ziwa Victoria katikati. Kila mwanafunzi anakata kamba ya mkonge na kuilaza kutoka alikotoka aliyemhoji hadi Kisumu. Walionyamaza nao walaze kamba wakipenda, bila maelezo. Ndani ya robo saa sakafu imejaa: Vihiga, Bondo, Busia, Rusinga, Nakuru, Kericho, Jinja, Musoma.

Sasa fungueni kitabu. Sababu za makabila kuhama zamani kila mtu aliyesoma historia Kenya anaziimba: ukame, maradhi, ongezeko la watu, malisho, vita, na kupenda safari. Waambie waweke kila kamba chini ya sababu yake. Vita wataiona, kazi wataiona. Lakini kamba nyingi zitabaki mkononi, hasa za bibi zao, kwa sababu ndoa haimo kwenye orodha ile. Nusu ya waliokuja walikuja kwa kuolewa! Darasa likigundua hilo lenyewe, litaanza kukisoma kitabu kwa macho mengine, na hiyo ni faida utakayoivuna hadi mwisho wa mwaka.

Kisha rudini nyuma zaidi. Wajaluo walitoka Bahr el Ghazal, nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, wakashuka polepole kizazi baada ya kizazi kupitia Uganda. Wanafunzi wa hapa wanaujua mlima wa Got Ramogi ulioko Yimbo, ambako mapokeo yanasema ndipo waliposimika makao. Wakati huo tayari kulikuwa na watu katika nchi hii. Chora njia hiyo kwa chaki ya rangi nyingine, mpaka ipite juu ya kamba zao.

Miaka miwili iliyopita, tulipofika hapo, mvulana mmoja Mdinka, aliyekuwa hajasema lolote tangu Januari, aliuliza Wajaluo wanaitaje maji. "Pi," wakajibu wengi. Akasema, "Kwetu ni piu." Kukawa kimya. Mwingine akauliza mkuki. "Tong," akasema. Ni kama Dholuo! Waliobaki ndani wakati wa mapumziko walikuwa wanane, wamemzunguka, wanataja neno moja moja: ng'ombe, jicho, mto. Mengi hayakufanana. Hawakujali. Sikumwomba afanye hivyo, wala nisingemwomba. Ramani ilikuwa imemwekea mlango, akaingia kwa wakati wake.

Kabla ya kufuta sakafu, onyesha jambo moja kuhusu mipaka. Hadi mwaka 1902, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kisha Waingereza wakauhamishia upande wa pili. Mtu aliyelala Uganda aliamka katika nchi nyingine bila kuinua mguu. Wasamia wa Busia mpaka leo wana ndugu pande zote mbili. Futa mstari wa mpaka kwa kiganja, uchore upya mbele yao. Hawatasahau.

Kitenzi kimoja

Hapa mwalimu wa Kiswahili atanisaidia. Andika "hama" ubaoni uwaambie wakinyambue: hama, hamia, hamisha, hamishwa, hamahama. Kisha kila umbo lipewe watu wake. Hamahama ni Waturkana na mifugo yao. Hamia ni wafanyakazi wa reli kutoka Bara Hindi waliobaki. Hamishwa ni ukoo wa Talai, ambao serikali ya kikoloni iliuondoa Kericho kwa sheria ya mwaka 1934 na kuupeleka Gwassi, karibu na ziwa, kwa kuwaogopa viongozi wake. Mzigo wa historia wote uko kwenye kiambishi, na anayefanya tendo hilo si yuleyule kila mara.

Baada ya hapo tenganisheni mgeni, mhamiaji, mlowezi, mkimbizi na mkimbizi wa ndani. Mkimbizi ana maana ya kisheria: mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951 unamtambua anayeikimbia nchi yake kwa hofu ya kuteswa kwa sababu kama dini, rangi au siasa, na ule wa nchi za Afrika wa mwaka 1969 ukawaongeza wanaokimbia vita na vurugu. Mimi na mama yangu hatukuvuka mpaka, kwa hiyo tulikuwa wakimbizi wa ndani. Kambi ya Dadaab ilifunguliwa mwaka 1991 na Kakuma mwaka uliofuata, maana yake wako watu wazima, wenye watoto, ambao hawajawahi kuishi mahali pengine.

Katika lugha ya hapa kuna neno jadak. Ni mtu anayeishi kwenye ardhi ya wengine. Lilikuwa na nafasi yake ya heshima: jadak alikaribishwa, akapewa shamba la kulima, akawa na wajibu kwa mwenye ardhi. Lakini siku hizi uwanjani ni tusi. Liseme kwa sauti darasani, lieleze historia yake, na uweke sheria yako wazi. Neno usilolitaja litaendelea kutajwa chooni.

Jiandae pia kwa swali litakalokujia kutoka upande usiotazamia. Mvulana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, mama yangu yuko Saudia. Yeye ni mhamiaji?" Nikamjibu ndiyo. Akafikiri. "Basi huko wanamwitaje?" Sikuwa na jibu, na nikamwambia hivyo. Katika darasa la wanafunzi 50 utakuta watatu au wanne wenye mzazi Ghuba au Marekani, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kulaza mikono mezani wenzao wanapowasema vibaya wageni.

Sheria usiisomee darasa kama kasisi. Chukua vifungu viwili tu vya Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Waulize: kinasema kila mtoto, au kila raia? Kifungu cha 14 kinasema mtoto aliyeokotwa nchini akionekana ana chini ya miaka 8, wazazi na uraia wake havijulikani, atahesabiwa raia wa kuzaliwa. Nimeona wavulana wakorofi kabisa wakilisoma fungu hilo mara mbili.

Mbuta na ngege

Mahali kama Kisumu, hoja hii itatokea, nawaahidi. Mwanafunzi mwerevu atasema: "Mbuta aliletwa ziwani kutoka nje, akawala samaki wetu wote. Wageni nao ni hivyo hivyo." Mara ya kwanza niliposikia hivyo niliishiwa maneno, na darasa likapiga makofi.

Usimnyamazishe. Mpeni mbuta kipindi chake. Ni kweli mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ni kweli mamia ya aina za samaki wadogo yalipotea. Kisha mwambie mwanafunzi huyo achunguze habari ya ngege, samaki mtamu ambaye wazee wa hapa bado wanamlilia. Nyavu za kutegea za kizungu ziliingia katika ghuba hii mwaka 1905. Ngege akaanza kupungua miaka mingi kabla ya mbuta kuletwa, kwa sababu ya nyavu hizo, ambazo matundu yake yalifanywa madogo mwaka hadi mwaka, zilizoshikwa na mikono ya wavuvi wenyewe wa hapa na wafanyabiashara waliowauzia. Mwanafunzi aliyeleta hoja ile alirudi wiki iliyofuata na maelezo ya babu yake mvuvi, akasimama akasema, "Tulimlaumu mbuta na makosa mengine ni ya wavu." Sikuongeza neno.

Kitu kimoja tu mwalimu ukiseme mwenyewe, kwa upole lakini bila kuyumba: binadamu si samaki. Binadamu anaweza kuulizwa, anaweza kuahidi, anaweza kujifunza lugha yako. Kulinganisha watu na wadudu, magugu au samaki waharibifu kumetangulia mauaji mengi, Rwanda mwaka 1994 ikiwa mojawapo. Waambie hivyo.

Kumezwa na kutangamana

Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na kinahitaji viwili ukivipata. Swali lake ni: mtu akihamia kwa watu, abadilike kiasi gani?

Anza na Abasuba. Mababu zao walikuja kutoka upande wa Buganda, karne ya 18, wakakaa Rusinga, Mfangano na mwambao wa kusini. Walikuwa Wabantu wenye lugha yao. Vizazi vikapita, wakaoana na Wajaluo, watoto wakawa wanazungumza Dholuo, na leo ukisikia Kisuba ni kwa wazee, zaidi Mfangano, ambako ipo redio ya jamii inayojaribu kukihuisha. Tom Mboya, ambaye kila mwanafunzi wa hapa anajua jina lake, alitoka Rusinga na ukoo wa Kisuba. Alifaulu? Sana. Lugha ya mababu ikawaje? Wacha wabishane. Mimi huligawa darasa mara mbili, upande mmoja useme Wasuba walipata, mwingine useme walipoteza, kisha katikati ya mjadala nabadilisha pande.

Halafu Wanubi wa Kibos. Mababu zao walikuwa wanajeshi waliotolewa Sudan na Waingereza. Zaidi ya miaka mia moja baadaye wana Kinubi chao, mapishi yao, arusi zao, na Kiswahili na Dholuo pia. Walitunza walichokuja nacho, lakini kwa muda mrefu walihangaika kupata vitambulisho. Hapo wanafunzi wataona kwamba kukaribishwa na mwenyeji na kutambuliwa na serikali ni mambo mawili.

Kisha Wahindi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika hapa, penye kuitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Punjab, walikuwa karibu 32,000. Takriban 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na kama 6,700 hivi wakabaki. Mwaka 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Hapa kuna ubishi mzuri wa kweli: wanafunzi wengi watasema Wahindi hawajachangamana, hawaoani nasi, wanaishi kwao. Usiwakemee, wana wanachokiona. Waulize mwenyeji naye amebadilika? Chapati ndiyo chakula cha Krismasi katika maboma ya Siaya. Duka, gari na laki ni maneno yaliyokuja na watu wa huko. Na wao, muhogo wetu wameupa jina la mogo wakasafiri nao hadi London, unauzwa kwenye mikahawa ya Wahindi waliotoka Afrika Mashariki. Wasomi wa mambo haya hutenganisha kumezwa, kutengwa na kutangamana. Andika maneno hayo matatu ubaoni baada ya mjadala.

Kama shule inaruhusu, tembeeni. Kutoka shuleni kwetu hadi stesheni ya zamani na bandari, kisha Mtaa wa Oginga Odinga, mkiinua macho kusoma miaka na majina yaliyochongwa juu ya majengo, hadi hekalu la Masingasinga. Omba ruhusa mapema. Mtavua viatu, mtafunika vichwa, na mkifika wakati wa langar, chakula cha bure cha hekaluni, mtaketi sakafuni na kula pamoja na yeyote aliyeingia. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa kunong'ona chakula ni shilingi ngapi, na mzee aliyekuwa akigawa dengu akamjibu kwa Dholuo safi kuliko yangu. Kwa mwalimu wa Nakuru, matembezi hayo yako pia: stesheni yenu, mahekalu yenu, na mitaa ambayo majina yake yanasema nani alipita.

Kusahihisha

Usitoe alama kwa hadithi ya mtu. Toa alama kwa uulizaji wa maswali, ulinganishaji wa sababu na ramani, na hoja za mjadala. Mtoto ambaye bibi yake alikimbia vita asipate kumi juu ya kumi kwa sababu ya vita.

Mgeni akifika Jumatatu

Kazi ya mwisho wanaifanya kwa vikundi na inatumika kweli. Wanaandika karatasi moja ya kumpa mwanafunzi mpya atakayefika muhula ujao, awe ametoka Goma, Juba au Nyamira. Masharti yangu: iandikwe kwa Kiswahili chepesi, iwe na mchoro, isiwe na hotuba ya kukaribisha. Choo kiko wapi na kipi hakina mlango. Mwalimu gani hukagua kucha. Kengele ya pili maana yake nini. Mandazi ya shilingi kumi yanauzwa na nani. Ukiitwa jadak, mwambie nani. Ukitaka kucheza mpira, usimame wapi.

Pamoja na karatasi, wanachagua wawili wa kukaa naye wiki ya kwanza, na hapo nawafundisha mambo matatu tu: muulizeni jina lake linatamkwaje mpaka mlipate, msimuulize alikotoka hadi atakapopataja mwenyewe, na chakula cha mchana asile peke yake. Upande wa ofisi unabaki kwako mwalimu. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kukwama kwenye usajili wa mtihani, na mzazi mgeni hatajua hilo mpaka limechelewa, kwa hiyo mwandikie karatasi mapema ya mahali pa kwenda na nini abebe.

Mwezi wa Januari alifika mvulana anayezungumza Kifaransa na Kiswahili cha Kongo. Gredi ya 8 walimpa karatasi yao. Alisoma akaishika wiki nzima kwenye mfuko wa shati, hata ikachakaa kwenye mikunjo. Muhula huu nimewaambia waiandike upya, kwa sababu mama wa mandazi amehamia upande wa pili wa barabara, na yule mvulana ndiye aliyekuja kunieleza kwamba mchoro sasa si sahihi.